Kutoka New York hadi Masjala ya Kijiji: Namna Mikataba ya Haki za Wanawake Inavyofika Kilosa na Mikumi

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

Masjala ya ardhi ya kijiji si jengo kubwa. Mara nyingi ni chumba kimoja ndani ya ofisi ya Serikali ya Kijiji, chenye kabati linalofungwa kwa kufuli, na ndani ya kabati hilo hutunzwa daftari la ardhi pamoja na nakala za Hati za Hakimiliki ya Kimila. Katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kama ilivyo katika wilaya nyingine za Tanzania Bara, chumba hicho ndicho mahali ambapo ahadi zilizotolewa katika kumbi za Umoja wa Mataifa hupimwa kwa kipimo kimoja: jina lililoandikwa katika hati ya shamba ni la nani?

Wananchi husikia mara kwa mara kwamba Tanzania imeridhia mkataba fulani, imewasilisha ripoti Geneva au imeshiriki mkutano wa New York. Ni haki yao kuuliza taarifa hizo zinamhusu vipi mama anayelima mahindi katika bonde la Mto Mkondoa, au anayeendesha mgahawa kando ya barabara kuu pale Mikumi. Makala haya yanafuata njia hiyo kwa kutumia mfano wa ardhi, kwa kuwa kwa familia nyingi za Kilosa shamba na kiwanja ndiyo mali pekee yenye thamani ya kudumu.

Ahadi ilivyoanza

Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, maarufu kwa jina la CEDAW, ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 18 Desemba 1979 na kuanza kutumika Septemba 1981. Tanzania iliusaini mwaka 1980 na kuuridhia Agosti 1985, mwezi mmoja baada ya Mkutano wa Tatu wa Dunia wa Wanawake kufanyika kwa majirani zetu jijini Nairobi.

Ibara mbili za mkataba huo zinagusa moja kwa moja maisha ya vijijini. Ibara ya 14 imetengwa mahususi kwa ajili ya wanawake wa vijijini, na inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba wanawake hao wanapata mikopo ya kilimo, masoko, teknolojia inayofaa na kutendewa kwa usawa katika mageuzi ya ardhi. Ibara ya 16 inataka wanandoa wawe na haki sawa katika kumiliki, kusimamia na kuuza mali.

Miaka kumi baadaye, Septemba 1995, Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake ulifanyika Beijing, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mheshimiwa Balozi Gertrude Mongella. Azimio na Mpango Kazi wa Beijing viliainisha maeneo 12 ya kufanyiwa kazi, umaskini wa wanawake na nafasi yao katika uchumi yakiwa miongoni mwake. Barani Afrika ikafuata Itifaki ya Maputo ya Julai 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Itifaki hiyo ina jambo ambalo CEDAW haikulitaja kwa uwazi huo: inawataja wajane kwa jina lao, na kueleza kwamba mjane ana haki ya kupata sehemu ya haki katika mali ya mumewe na kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) nazo zilipitisha itifaki yao ya jinsia na maendeleo mwaka 2008.

Mkataba haujitekelezi wenyewe

Hapa ndipo wananchi wengi hupoteza uzi wa jambo. Mkataba wa kimataifa ukishasainiwa haugeuki kuwa sheria ya nchi siku hiyo hiyo. Kwa mujibu wa Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ni Bunge linalojadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Hata baada ya hapo, Mtendaji wa Kijiji hawezi kufanya kazi kwa kusoma mkataba. Anafanya kazi kwa kusoma sheria iliyotungwa na Bunge na kanuni zake. Mwananchi anayekwenda ofisi ya kijiji akiwa na nakala ya CEDAW mkononi atasikilizwa kwa heshima, lakini anayekwenda akiwa anakijua kifungu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji atahudumiwa haraka zaidi.

Hii haina maana kwamba mkataba hauna nguvu mahakamani. Mfano unaotajwa zaidi ni kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Mwanza mwezi Februari 1990. Mwanamke mmoja wa Kagera alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na ndugu wa kiume wa ukoo akafungua shauri akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya alikataa dai hilo. Aliegemea Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba, na kwa uzito huohuo akarejea Tamko la Dunia la Haki za Binadamu, CEDAW na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, akisema kwamba nchi iliyoridhia misingi hiyo haiwezi kuendelea kutumia kanuni ya mila inayoipinga.

Hukumu hiyo ilikuwa ya shamba moja. Ili iwe ya mashamba yote, ilihitajika sheria. Mjadala wa sera na sheria za ardhi katika miaka ya 1990 ulikuwa mkali, na wanawake wa Tanzania hawakukaa pembeni. Mwaka 1997 asasi kadhaa ziliunda kikosi kazi cha jinsia na ardhi, kikiratibiwa na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), kilichopeleka hoja kwa wabunge huku kikitumia maneno ya Beijing na ya CEDAW kama ushahidi kwamba Serikali ilikwisha kukubali msingi wa hoja hizo. Mchango wa vyombo vya kimataifa mara nyingi huonekana hapo. Huwapa wananchi maneno na msimamo wa kuanzia, lakini hawatungi sheria kwa niaba ya Bunge.

Matokeo yake ni Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Kifungu cha 3 cha kila moja ya sheria hizo kinatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinakwenda mbali zaidi: kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu fursa halali ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Kifungu cha 23 kinaielekeza Halmashauri ya Kijiji kulishughulikia ombi la mwanamke bila kulipa uzito mdogo kuliko ombi linalofanana nalo la mwanamume.

Kilosa ina mila zaidi ya moja

Ni rahisi kudhani kwamba tatizo la mwanamke na ardhi ni lilelile kila mahali. Kilosa inaonesha vinginevyo. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ambao ni wenyeji wa asili wa sehemu kubwa ya wilaya hii, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa mila hiyo binti ana mahali katika ardhi ya ukoo wake, jambo ambalo mabinti wa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba hawalipati kirahisi. Baadhi ya wageni wanaokuja kuendesha semina wilayani hushangaa kuliona hilo, na pengine huhitimisha mapema kwamba hapa hakuna kazi ya kufanya.

Kazi ipo. Kwanza, ukoo kuhesabiwa kwa mama hakumaanishi kwamba mama ndiye mwenye kauli ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi kauli hiyo huwa ya mjomba. Pili, tuseme mume na mke wamefyeka pori na kulima shamba jipya kwa miaka 20, kisha mume akafariki. Kwa mila ya ukoo wa mama watoto wake ni wa ukoo wa mke, na warithi wanaojitokeza kudai mali ya marehemu wanaweza kuwa wapwa zake, yaani watoto wa dada zake. Mjane aliyekuwa na nguvu katika shamba la mama yake anajikuta hana nguvu katika shamba alilolima mwenyewe.

Tatu, Kilosa si ya wenyeji hao peke yao. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko yalivuta wafanyakazi kutoka mikoa mingi, na reli ilileta wengine. Wafugaji wa Kimaasai na wa jamii nyingine wana vijiji vyao. Upande wa kusini, katika maeneo ya Ruhembe na Kidodi, kilimo cha miwa kimewavuta wakulima kutoka pande zote. Katika kijiji kimoja unaweza kukuta kaya tatu jirani zenye mila tatu tofauti za urithi. Ndiyo maana kifungu cha 20 kina uzito wa pekee katika wilaya hii. Hakichagui mila ipi ni bora, kinaweka mpaka mmoja ambao zote zinatakiwa kuuheshimu.

Kwenye miwa suala huonekana hata kwenye fedha. Malipo ya mavuno humfuata mwanachama aliyesajiliwa, na mwenye jina katika shamba ndiye huwa na nafasi ya kusajiliwa. Anayepalilia ni mwingine.

Jicho la Geneva, na kesi ya wajane wawili

Nchi iliyoridhia CEDAW inawajibika kutoa ripoti ya utekelezaji angalau kila baada ya miaka minne mbele ya kamati ya wataalamu 23. Kwa upande wa Tanzania, jukumu la kuratibu masuala hayo lipo katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Ripoti ya pamoja ya saba na nane ya nchi yetu ilijadiliwa mapema mwaka 2016. Asasi za kiraia nazo huruhusiwa kupeleka taarifa zao, hivyo kamati husoma simulizi mbili za nchi moja.

Mwaka 2006 Tanzania iliridhia pia Itifaki ya Hiari ya CEDAW, inayomruhusu mwananchi aliyemaliza njia zote za mahakama za ndani kupeleka malalamiko yake kwa kamati hiyo. Wajane wawili wa Shinyanga, waliotajwa kwa herufi za majina yao tu, yaani E.S. na S.C., walitumia mlango huo. Baada ya waume zao kufariki, walinyimwa urithi na kutakiwa kuondoka katika nyumba walizoishi, kwa kufuata kanuni za Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 kuhusu urithi wa kimila. Kanuni hizo, zilizoandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, zinamweka binti katika daraja la tatu la warithi, na kwa kawaida hazimpi mjane fungu bali zinamtaka atunzwe na watoto wake. Mahakama Kuu mwaka 2006 iliona kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikasita kuzifuta kwa hukumu. Machi 2015 Kamati ya CEDAW iliamua kwamba haki za wajane hao zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia na kanuni za urithi zirekebishwe.

Uamuzi wa kamati si hukumu ya mahakama, na hakuna askari wa Umoja wa Mataifa atakayekuja kuutekeleza. Uzito wake uko katika kubaki kwenye kumbukumbu na kuulizwa tena katika kila ripoti inayofuata. Mwandishi wa makala haya anaona ni vyema wananchi walielewe hilo bila kulikuza wala kulipuuza, kwa sababu linaeleza kwa nini jina katika hati ni jambo la haraka. Sheria za ardhi za 1999 zilibadilisha umiliki, lakini hazikugusa moja kwa moja sheria za urithi. Mke ambaye jina lake limo katika hati tangu mume akiwa hai ana haki yake mwenyewe katika shamba, na wanaokuja kudai mirathi hawawezi kuigawana haki hiyo.

Fedha za kimataifa na mahali zinapoingia

Ushawishi wa vyombo vya kimataifa hauishii kwenye maandishi. Shirika la UN Women, lililoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, hufanya kazi na Serikali katika sera, takwimu na mafunzo. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 yanazitaka nchi zipime sehemu ya wanawake wenye haki juu ya ardhi ya kilimo, na kinachopimwa huanza kuulizwa. Tangu mwaka 2021 Tanzania ni miongoni mwa vinara wa Jukwaa la Kizazi Chenye Usawa katika eneo la haki na usawa wa kiuchumi. Benki ya Dunia nayo imeidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 150 kwa ajili ya mradi wa kitaifa wa kuboresha usalama wa milki za ardhi, unaosimamiwa na Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi.

Kwa Kilosa, mfano wa karibu zaidi ulikuja kwa njia isiyotarajiwa, yaani misitu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 Norway ilifadhili mradi wa majaribio wa kupunguza ukataji wa misitu, uliotekelezwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) pamoja na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA). Kijiji hakiwezi kutenga msitu bila kwanza kupanga matumizi ya ardhi yake yote, hivyo mradi wa misitu ukaleta mikutano ya kupanga ardhi. Aidha, malipo ya majaribio yalitolewa kwa mtu mmoja mmoja badala ya mkuu wa kaya, na mwanamke akahesabiwa kama mwanakijiji anayejitegemea. Katika wilaya inayokumbuka mapigano ya wakulima na wafugaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, mpango wa matumizi ya ardhi ni jambo la amani pia.

Mikumi mjini, sheria nyingine

Mwenye kiwanja katika eneo lililopimwa la mji wa Mikumi hatumii Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kiwanja hicho kipo chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4, na nyaraka yake ni hatimiliki. Mji huu umebanwa na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi upande mmoja na milima upande mwingine, huku barabara kuu iendayo Iringa na Zambia ikiupitia katikati, hivyo kiwanja cha kando ya barabara kina thamani kubwa, na kishawishi cha kukiweka rehani ni kikubwa vilevile.

Sheria imeliona hilo. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila ridhaa ya mwenza, na kifungu cha 161 kinamtaka mkopeshaji aulize kuhusu ridhaa hiyo. Kifungu hichohicho kinaeleza kwamba hata pale hati ina jina la mmoja tu, mwenza aliyechangia kwa nguvu zake katika uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi hiyo anahesabiwa kuwa amepata maslahi ndani yake. Kwa maneno mengine, jembe la mke linatambuliwa na sheria. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulitamka jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilipoamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa.

Nini cha kufanya uhakiki unapofika kijijini

Uhakiki wa mashamba hufanywa na kamati ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 9, na wanawake wasiopungua 4 kati yao. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Nafasi hizi zimewekwa na sheria, wala si hisani ya mwenyekiti, na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuhoji iwapo hazijajazwa. Wajumbe hao wanawake ndio wanaojua shamba lipi lilifunguliwa na nani, jambo ambalo ramani haioneshi.

Siku ya kupima, wanandoa wote wawili wafike shambani pamoja na majirani wa mipaka. Fomu ya maombi ina nafasi ya mwombaji zaidi ya mmoja. Waombaji waulizwe, nao waulize, aina ya umiliki inayoandikwa. Umiliki wa pamoja wa wanandoa humwachia anayebaki hai shamba lote, wakati umiliki wa hisa humpa kila mmoja fungu lake ambalo huenda kwa warithi wake. Tofauti hiyo haionekani kwa urahisi siku ya kupima. Itaonekana siku ya msiba.

Baada ya majina kukusanywa, orodha huwekwa wazi ili wananchi wakague na kuweka pingamizi kabla ya kuthibitishwa. Hati hutolewa na Halmashauri ya Kijiji na kusajiliwa wilayani, ambapo nakala moja hubaki kwa mmiliki, moja katika masjala ya kijiji na moja katika masjala ya wilaya. Mwanamke ambaye jina lake limeachwa aanzie Baraza la Ardhi la Kijiji. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata hufanya usuluhishi tu na halitoi uamuzi, na likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 shauri huweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kupata msaada wa kisheria bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, pamoja na huduma za Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023. Anayetafuta huduma hizo aanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata yake, akiwa na kitambulisho, cheti cha ndoa au ushahidi wa ndoa ya kimila, na majina ya majirani wawili wanaolifahamu shamba lake.